Jembe la Mama, Ngao ya Mfalme: Maisha ya Nyumbani ya Mkulima-Askari wa Kizulu

Picha nyingi za Mzulu wa karne ya 19 zinamwonyesha amesimama peke yake, mkuki mkono mmoja, ngao mkono wa pili, manyoya kichwani. Zimemnyima mama, wake, watoto, ng'ombe na shamba. Ni picha yenye dhuluma, kwa sababu yule aliyeshika ngao hakuwa askari wa kambini anayelipwa mshahara. Ufalme wa Wazulu haukumlipa mtu yeyote mshahara wa kupigana. Ulikuwa ufalme wa wafugaji na wakulima, na kijana aliyeitwa na mfalme alitoka nyumbani kwa baba yake, akala chakula kilicholimwa na mama yake, kisha akarudi nyumbani kazi ya mfalme ilipokwisha. Anayetaka kuelewa vita vya mwaka 1879 kati ya Wazulu na Waingereza hana budi kuanzia uani.

Kaya ya Kizulu, umuzi, ilijengwa penye mteremko ili maji ya mvua yasituame. Katikati palikuwa na zizi la ng'ombe la mviringo, na nyumba za majani zenye umbo la kuba zikalizunguka. Lango la kaya lilikuwa upande wa chini. Upande wa juu, mkabala na lango, ndipo ilipokuwa nyumba kuu. Nyumba za wake wengine zilipangwa kulia na kushoto kwa cheo, hivyo mgeni aliyejua desturi aliweza kusoma heshima ya kila mke kabla hajasalimia. Mlango ulikuwa mfupi. Mzee na mtoto wote waliingia kwa kuinama hadi magoti. Ndani, sakafu ilikuwa ya udongo wa kichuguu uliopakwa samadi na kusuguliwa kwa jiwe mpaka ukang'aa. Wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto. Sehemu ya nyuma kabisa, umsamo, ilikuwa ya wahenga. Pombe na nyama viliwekwa pale kwanza, wenye nyumba wa zamani wakapata fungu lao kabla ya walio hai.

Zizi lilikuwa na siri yake. Chini ya ardhi yake, iliyokanyagwa na kwato mpaka ikawa ngumu, palichimbwa mashimo ya kuhifadhi nafaka. Mdomo wa shimo ulifunikwa kwa jiwe, ukazibwa, na samadi ikatandazwa juu. Mtama uliokaa humo ulitoka na harufu kali, lakini ulikuwa umeokoka na moto, wadudu na jicho la adui. Ng'ombe juu na chakula chini: mali yote ya kaya ilikaa mahali pamoja.

Mtu wa kawaida alikuwa na mke mmoja, wawili au watatu. Wakuu walikuwa na wengi zaidi. Kila mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake, akiba yake ya nafaka, na ng'ombe waliotengwa kwa ajili ya watoto wake. Jambo hili lilishikwa kwa nguvu ya sheria. Mume akichukua ng'ombe wa nyumba moja kumwolea mtoto wa nyumba nyingine, alikuwa ameingiza nyumba ile ya pili katika deni, na deni lililipwa kwa mahari ya binti atakayeolewa kutoka humo. Wazee waliyakumbuka madeni hayo kwa vizazi. Baba alikuwa mkuu wa kaya, hilo halina shaka, lakini hakuwa na ruhusa ya kuchota kila chungu.

Kazi nazo ziligawanywa kwa mpaka usiovukwa ovyo. Wanawake walilima, wakapanda mtama, mahindi, maharage, maboga na viazi, wakapalilia, wakavuna, wakapika pombe. Wanaume walifyeka pori, wakajenga, wakatengeneza ngozi, na juu ya yote wakashughulika na ng'ombe. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hakutakiwa kupita katikati ya mifugo, na hata kukamua ilikuwa kazi ya wavulana na wanaume. Maziwa yaligandishwa vibuyuni, na maziwa mgando yalikuwa zaidi ya chakula: waliokula pamoja ni wa ukoo mmoja. Bi harusi aliyefika kwa mumewe hakuyagusa maziwa ya kaya ile mpaka aruhusiwe kwa taratibu zake. Aliepuka pia kutaja jina la baba mkwe, hata maneno ya kila siku yaliyofanana na jina hilo, kwa hiyo alitafuta maneno mengine ya kueleza vitu vilevile. Adabu hiyo haikuwa nyepesi. Msichana wa miaka ishirini na kitu alihamia kwa watu wengine na kuanza kujifunza kunyamaza upya.

Mtoto wa kiume alianza kazi mapema. Akiwa na miaka sita au saba alichunga mbuzi na ndama. Alipokua alipewa ng'ombe. Machungani ndiko alikojifunza kupigana kwa fimbo na wenzake, akajifunza kumjua kila ng'ombe kwa rangi, mabaka na mkunjo wa pembe. Lugha ya Kizulu ina hazina kubwa ya majina ya rangi za ng'ombe, na sehemu kubwa ya hazina hiyo ilitunzwa na watoto hawa. Alitogwa masikio kwa sherehe. Alipobalehe aliamka kabla ya mapambazuko, akawatoa ng'ombe zizini kimyakimya na kuwapeleka mbali pamoja na marika zake. Kaya ilipoamka na kukuta zizi tupu, ilijua kuwa mtoto amekua. Tohara ilikuwa imekwisha kuachwa katika ufalme huo, na rika la vijana sasa lilitambuliwa kwa njia nyingine: kwa kuitwa na mfalme.

Njia hiyo ilianzia utotoni. Mvulana alitoka nyumbani akiwa udibi, mbeba mizigo wa baba au kaka yake. Alibeba mkeka wa kulalia, mto wa kuchonga wa mti na kibuyu, akatembea nyuma ya wakubwa hadi kwenye boma la kifalme, ikhanda. Miaka michache baadaye alikwenda mwenyewe kutumika katika boma la wilaya yake, akanywa maziwa moja kwa moja kutoka kwenye chuchu za ng'ombe wa mfalme. Maziwa hayo yalimaanisha kwamba mfalme sasa alikuwa baba yake pia. Vijana wa umri mmoja walipokuwa wengi vya kutosha, mfalme aliwaita pamoja, akawapa jina na kuwaagiza wajenge boma lao. Hapo likazaliwa ibutho, kikosi cha rika. Ndugu wa tumbo moja waliopishana miaka mingi wangeweza kuwa katika vikosi tofauti maisha yao yote.

Muundo huo unahusishwa na Shaka, aliyetawala mpaka alipouawa mwaka 1828, na ndugu zake Dingane na Mpande wakauendeleza. Chini ya Cetshwayo, mwana wa Mpande aliyetawazwa mwaka 1873, maboma makubwa yalizunguka uwanda wa Mahlabathini, na oNdini, makao ya mfalme, palikuwa na mamia ya nyumba zilizolizunguka zizi moja kubwa. Vijana walikaa huko kwa miezi kadhaa, si mwaka mzima. Walilima mashamba ya mfalme, wakachunga ng'ombe wake, wakajenga, wakawinda, wakatoza faini. Mwezi Desemba au Januari wote walikusanyika kwa sherehe ya malimbuko, ambapo mfalme alionja mazao mapya kabla ya watu wake. Ngao ya ngozi ya ng'ombe aliyoshika askari ilikuwa mali ya mfalme, na rangi yake ilitambulisha kikosi.

Lakini kula yao? Mfalme alitoa nyama, na nyama peke yake haishibishi maelfu ya vijana. Nafaka ilitoka nyumbani. Mama, dada na wadogo zao walijitwika vikapu vya mtama na vyungu vya pombe, wakatembea kutwa au siku kadhaa kuwapelekea wanaume wao. Vikapu vikikoma, njaa iliingia bomani, na vijana walianza kutawanyika kurudi makwao. Vitabu vingi vimeeleza mbinu ya Wazulu ya kumzunguka adui kwa pembe mbili na kifua. Mwanamke mwenye kikapu kichwani hatajwi sana humo, ingawa jembe lake ndilo lililoamua jeshi likae bomani kwa muda gani. Mwanahistoria Jeff Guy alilisema jambo hili kwa uzito unaostahili: nguvu ya ufalme ule ilisimama juu ya kazi ya kaya, na kaya ilisimama juu ya kazi ya wanawake.

Hapo ndipo ndoa ilipokuwa suala la dola. Kijana hakuoa alipotaka. Alingoja mpaka mfalme akiruhusu kikosi chake kizima kuvaa isicoco, pete ya kichwani iliyoshonewa kwenye nywele na kung'arishwa kwa nta. Ruhusa hiyo mara nyingi ilikuja wanaume wakiwa na umri wa miaka 35 au karibu 40. Wasichana nao walipangwa kwa marika, na rika fulani la wasichana lilielekezwa kuolewa na kikosi fulani cha wanaume. Sababu yake haikufichika: mwanamume akioa, anajenga kaya yake, na jasho lake linahama kutoka kwa mfalme kwenda kwa wanawe. Kuchelewesha ndoa kulikuwa kuwabakiza vijana mikononi mwa mfalme.

Haina maana kwamba vijana walikaa kama watawa. Uchumba ulikuwapo, tena chini ya uangalizi wa wasichana wakubwa walioitwa amaqhikiza. Hao ndio waliomruhusu msichana amkubali kijana, na waliomfundisha mipaka ya mapenzi isiyoleta mimba. Kijana aliyevuka mipaka hiyo, familia yake ililipa ng'ombe. Mapenzi yalikubalika, ndoa ndiyo iliyosubiri neno la mfalme. Katika pengo hilo kati ya moyo na amri, mambo mazito yalitokea.

Mwaka 1876 Cetshwayo aliamuru wasichana wa rika la iNgcugce waolewe na wanaume wa vikosi vilivyokuwa vimeruhusiwa kuvaa pete, watu waliowazidi sana umri. Wengi wao walikuwa na wapenzi katika vikosi vya vijana. Wakakataa. Baadhi waliolewa haraka haraka, baadhi walivuka mto kukimbilia Natal, koloni la Waingereza, na baadhi waliuawa. Serikali ya Kiingereza ya Natal ililalamika, na malalamiko yale yalitunzwa kwenye majalada mpaka yalipohitajika. Wasichana wale wanastahili kukumbukwa kwa heshima. Waliipinga amri ya mfalme mwenye jeshi kubwa kuliko majirani zake wote wa Kiafrika kusini mwa mto Limpopo, nao hawakuwa na silaha.

Muda mfupi baadaye, wakati wa sherehe ya malimbuko pale oNdini, kikosi cha vijana wa iNgobamakhosi kilipambana na wakubwa wao wa uThulwana. Mfalme alikuwa amewaweka boma moja. Wakubwa walikuwa na wake, na wake walipowatembelea waume zao, vijana ilibidi watoke nje. Chuki iliyojengeka ikaripuka kwa fimbo, kisha kwa mikuki, na makumi ya watu wakafa.

Kaya iliyoonja uchungu wa mambo haya kuliko zote ni ya Sihayo kaXongo, mkuu wa mpakani, karibu na mto Mzinyathi. Wake zake wawili waliwapenda wanaume wengine wakakimbilia Natal. Mwezi Julai 1878 wanawe, wakiongozwa na Mehlokazulu, kijana wa iNgobamakhosi, walivuka mto na watu wenye silaha, wakawakamata wanawake wale mmoja baada ya mwingine, wakawarudisha upande wa Wazulu na kuwaua. Kwa sheria ya kaya, wana walikuwa wanaosha heshima ya baba. Kwa mizani ya ubinadamu, walikuwa wakiwaua wanawake waliokwisha kuikimbia nyumba ile. Kwa Sir Bartle Frere, kamishna mkuu wa Uingereza huko Afrika Kusini aliyekwisha kuamua kuvunja ufalme wa Wazulu, ilikuwa sababu aliyoihitaji.

Masharti aliyompelekea Cetshwayo tarehe 11 Desemba 1878 yalimtaka amtoe Mehlokazulu na ndugu zake, alipe faini ya ng'ombe, avunje jeshi, na amwachie kila mwanamume aoe anapofikia utu uzima. Ndoa iliingizwa katika sharti la vita. Huruma kwa wasichana wa iNgcugce ilikuwa kisingizio, kwa maana aliyeandika masharti hayo alijua kwamba kuvunja vikosi na kuachia ndoa ni kuvunja dola yenyewe, na kwamba hakuna mfalme ambaye angekubali. Majeshi ya Uingereza yalivuka mpaka tarehe 11 Januari 1879. Kesho yake walishambulia makazi ya Sihayo. Mwanawe mmoja akauawa na kaya ikachomwa moto.

Jeshi la Wazulu liliondoka Mahlabathini tarehe 17 Januari, baada ya waganga kulitia dawa. Wavulana wa mizigo walifuata nyuma na mikeka, na siku za mwanzo wasichana walibeba chakula. Waliobaki nyumbani hawakukaa bure. Henry Callaway, mmisionari aliyekusanya simulizi za Wazulu huko Natal miaka ya 1860, aliandika desturi ya wanawake kuutundika mkeka wa mwanamume aliyekwenda vitani: kivuli cha mkeka kikionekana ukutani, mwenyewe yu hai. Asubuhi ngapi mama na mke walisimama wakiutazama ukuta ule?

Tarehe 22 Januari 1879, chini ya mlima Isandlwana, Wazulu wapatao 20,000 waliivunja kambi ya Waingereza na kuua zaidi ya watu 1,300. Wao wenyewe walipoteza watu wasiopungua elfu moja, na majeruhi wengi walifia njiani au majumbani kwao. Baada ya ushindi mkubwa namna ile jeshi halikukaa kumngoja adui. Lilitawanyika. Waandishi wa Ulaya walishangaa na wengine wakaita utovu wa nidhamu. Lakini aliyeua mtu vitani alikuwa na najisi ya damu, akaishi kando kwa siku kadhaa, akapewa dawa, na hakula maziwa mgando na watu wake mpaka asafishwe. Wazee waliopigana vita hivyo walieleza mambo haya kwa James Stuart, hakimu wa Natal aliyezungumza na wazee wapatao 200 kuanzia mwaka 1897. Zaidi ya hayo, majeruhi walihitaji kuuguzwa, wafu walihitaji kuliliwa, na mahindi yalikuwa karibu kukomaa. Askari yule alikuwa mwana na mume kabla ya kuwa askari, na nyumbani kulimdai.

Waingereza walikuwa na meli, magari ya kukokotwa na maksai na chakula cha makopo. Wazulu walikuwa na mashimo ya nafaka yanayojazwa mara moja kwa mwaka. Walishindwa vibaya katika mapigano ya Khambula tarehe 29 Machi, na tarehe 4 Julai oNdini pakachomwa moto. Safu za Waingereza zilipopita zilichoma kaya na kuswaga ng'ombe, nazo hizo ndizo silaha zilizowaumiza Wazulu kwa muda mrefu zaidi, maana kaya bila ng'ombe haiwezi kuoza wala kuoa. Wajane wengi walirithiwa na ndugu za marehemu ili watoto wabaki katika jina la baba yao.

Ufalme ulikatwa vipande 13, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata, Cetshwayo akafariki Eshowe mwaka 1884, na mwaka 1887 Uingereza ikaitwaa nchi. Kodi ya nyumba ya shilingi 14 ikaanza kutozwa, na kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake, kaya ya wake watatu ililipa mara tatu. Vijana waliokuwa wakijenga maboma ya mfalme sasa walikwenda kuchimba almasi Kimberley na dhahabu Johannesburg. Mwaka 1897 sotoka ikafagia ng'ombe waliosalia. Kisha, mwaka 1905, Natal ikaweka kodi ya kichwa ya pauni moja kwa wanaume ambao hawakulipa kodi ya nyumba, yaani hasa vijana wasiooa. Uasi ulizuka mwaka 1906, na Mehlokazulu, sasa mtu mzima na mkuu wa watu wake, akauawa katika bonde la Mome.

Msomaji wa Tanzania ana sababu ya kuyafuatilia haya kwa karibu. Wangoni walitoka katika nchi hizohizo za kusini wakati wa Shaka. Kiongozi wao Zwangendaba aliwavusha mto Zambezi mwaka 1835, akawafikisha Ufipa alikofia, na makundi yao yakaendelea mpaka Songea. Walikuja na vikosi vya rika, ngao za ngozi na wakuu walioitwa manduna. Njiani waliteka watu wengi, wakaoa wanawake wa makabila waliyoyashinda, na wanawake hao ndio waliolima na kulea. Matokeo yake yanasikika hadi leo: Kingoni cha Songea kiko karibu zaidi na lugha za majirani zake kuliko na Kizulu, kwa sababu watoto walizungumza lugha ya mama zao.

Historia ya Wangoni hawa imeandikwa zaidi kwa upande wa vita, hasa Majimaji na mashujaa walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906. Hiyo ni haki yao. Lakini bado wako wazee wa Ruvuma waliosikia kutoka kwa bibi zao jinsi mahari ilivyolipwa, nani alilima shamba la nduna, mvulana alianza lini kufuata jeshi, na mateka aliyeolewa alihesabiwaje nyumbani. Wanafunzi na walimu wa historia wa mkoa huo wachukue daftari na vinasa sauti wakawaulize sasa, tena waanze na akina bibi.